Kivuko ni Kivuko

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Karani wa ofisi ya mtaa, anayejulikana na watu wote kama Mama Mihtasari
Jinsia na umri: Mwanamke, miaka 59
Kazi: Kuandika mihtasari ya vikao, kuchapa barua na kutunza majalada ya mtaa, mwaka wa ishirini na tisa sasa
Makazi: Nyumba ya tatu kutoka mtaro mkubwa, upande wa juu
Tarehe na saa: 22 Aprili, Jumatano, saa 9:15 alasiri

Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, na nimeelewa. Sikuitwa. Nimekuja kwa miguu yangu. Naomba afande uandike nilivyosema, usininyooshee maneno. Nimeandika maneno ya watu miaka mingi na najua yanavyopungua yakifika mkononi mwa mwandishi. Hilo ndilo lililonileta.

Ninamfahamu mtuhumiwa, fundi wa kuchomelea vyuma anayeitwa Cheche. Ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Si ndugu yangu wala rafiki yangu. Mpaka Jumapili iliyopita tulikuwa na miaka minne hatusalimiani, kwa sababu ya mashine yake ya kukatia chuma anayoiwasha siku ambayo watu wazima wanataka kupumzika. Kwa hiyo asije mtu akasema nimekuja kumbeba.

Mnamo tarehe 15 Februari mwaka jana, Jumamosi, saa 4 asubuhi, kulikuwa na kikao cha wananchi kwenye darasa la chekechea. Tulikalia vile viti vyao vidogo, magoti kidevuni. Ajenda ilikuwa moja, mtaro mkubwa. Mtaro huo una upana wa hatua sita, na mtu mzima akisimama ndani unaona kofia tu. Nyumba zetu ziko upande huu, na zahanati, shule na ofisi ya mtaa ziko upande wa pili. Tulikuwa tunavukia mbao mbili. Mvua ikija inazibeba, tunatafuta nyingine. Asiyetaka mbao azunguke kwa barabara kuu, dakika arobaini kwa mwenye miguu mizima.

Wengi walisema na mimi niliandika. Mwisho alisimama mama yake Cheche. Ni bibi wa miaka sabini na kitu, alikuwa mfagiaji wa zahanati hiyohiyo mpaka alipostaafu. Ana kidonda cha mguu na mara mbili kwa wiki anakwenda kufungwa. Alisema, "Sisi hatutaki lami wala taa. Tunataka kivuko, tuvuke mtaro tukatibiwe." Watu walipiga makofi. Kwenye daftari langu la mkono niliyaandika maneno yake yote.

Jumatatu yake nilichapa muhtasari wa kupeleka halmashauri. Aliyenifundisha kazi hii alikuwa na msemo wake kwamba muhtasari si hadithi, kata mpaka ubaki mfupa. Nami nikakata. Nikaandika, "Wananchi wanaomba kivuko." Basi. Mtaro nikauacha nje, kutibiwa nikakuacha nje. Kwa sisi wa hapa mtu akisema kivuko anajua ni cha kuvukia mtaro, kwani tuna kitu gani kingine cha kuvuka? Niliona nimeandika vizuri sana.

Barua ilikwenda, haikurudi na jibu. Nikawa kiguu na njia. Nilifika halmashauri mara tisa. Dirisha la kwanza linanituma la pili, la pili linaniambia mwenye jalada yuko likizo, akirudi likizo jalada liko kwa mhandisi. Nilipigwa danadana mpaka mlinzi wa getini akawa ananisalimia kwa kuniuliza, "Mama, bado hamjavuka?" Nilikuwa nacheka naye. Siku hizo nilikuwa bado naweza kucheka.

Sasa hapa, afande, naomba uandike polepole, maana sijamwambia mtu.

Mnamo tarehe 3 Septemba mwaka jana, saa 8:20 mchana, nilipigiwa simu ofisini na kijana wa ofisi ya mhandisi wa mji. Foleni ya watu wanaotaka barua za utambulisho ilikuwa imefika nje kwenye ngazi. Mashine ya kuchapa ilikuwa imekwama karatasi, vidole vyangu vyote wino. Mwenyekiti hayupo, maji ya kunywa hakuna, na mzee mmoja alikuwa ananigombeza kwa kosa la ofisi nyingine. Yule kijana aliongea kwa adabu. Aliniuliza, "Mama, hiki kivuko mlichoomba ni cha namna gani? Mmeandika kivuko tu."

Nilimjibu, "Kivuko ni kivuko, baba. Kwani viko vingapi? Leteni tu."

Akacheka. Akasema, "Haya mama, tumekuelewa." Akakata simu. Haikufika dakika moja. Huwa naandika kila simu kwenye daftari la simu, saa na jina na shida. Ile sikuiandika. Nilirudi kuvuta karatasi kwenye mashine.

Mwezi Januari mwaka huu walikuja mafundi na rangi. Kando ya mtaro, upande wetu, inapita barabara inayoishia kwenye geti la ghala lililofungwa. Kwa siku yanapita magari matatu, moja likiwa limepotea njia. Kwenye barabara hiyo wakachora mistari myeupe ya pundamilia, mizuri kwelikweli, inaanzia mlangoni kwa kinyozi inaishia ukingoni mwa mtaro. Wakaweka vyuma vya kuzuia watu kushoto na kulia, wakasimika na kibao chenye picha ya mtu anatembea. Nilipita hapo asubuhi naelekea kazini nikasimama nimeduwaa. Ndipo ile simu iliponirudia kichwani, neno kwa neno.

Tarehe 22 Januari, Alhamisi, diwani alikuja kukata utepe. Watu walisimama wanatazamana. Diwani akauliza, "Jamani, mbona hamshangilii?" Yule bibi akajibu kwa sauti, "Mheshimiwa, tukishavuka hapo tunakwenda wapi? Tunajitupa?" Watu waliangua kicheko, hata dereva wa diwani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika kalamu, naandika waliohudhuria.

Mwenyekiti aliandika kulalamika. Jibu lilikuja upesi safari hii, na mimi ndiye niliyeifungua bahasha. "Kwa mujibu wa kumbukumbu zilizopo, ombi la wananchi la kivuko limetekelezwa. Suala hili limefungwa." Mwenyekiti aliniuliza, "Sasa hii kumbukumbu wameitoa wapi?" Nikamwambia sijui. Daftari langu la mkono lilikuwa kwenye droo, hatua mbili kutoka alipokaa. Ningelitoa siku ile, pengine tungeanza upya. Lakini ningelitoa ningelazimika kusema na ile simu. Na kuanza upya maana yake ni yale madirisha tena. Nilichoka, afande. Nilijiambia nina miezi kumi na moja nistaafu, mwingine atakuja mwenye nguvu zake. Leo naona aibu kulisema hilo, lakini ndivyo nilivyojiambia.

Mnamo tarehe 9 Aprili mwaka huu, Alhamisi, saa 1:40 asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilikuwa nasubiri zamu yangu ya kuvuka kwenye zile mbao mbili. Mbele yangu alikuwa yule bibi, kitambaa cha kidonda mkononi, anakwenda zahanati. Alinigeukia akasema, "Nitangulie mimi, wewe una haraka gani ya kuandika?" Alipofika katikati ubao wa kushoto ulibiringika. Niliona kanga yake, halafu sikumwona. Nilisikia alivyofika chini. Sauti hiyo sitaki kuieleza.

Maji yalikuwa ya kufunika kisigino tu. Kilichomvunja ni zege. Nilimwita Cheche kwa jina lake, mara ya kwanza kwa miaka minne, akaja anakimbia na miwani yake ya kazi usoni. Alishuka mtaroni akampandisha mama yake mgongoni, mimi na kinyozi tukampokea huku juu. Tulipomlaza kwenye mkokoteni alinishika mkono. Bado alikuwa anafanya mzaha. Aliniambia, "Mama Mihtasari, andika nimevuka nusu."

Nyonga imevunjika. Mpaka leo amelazwa. Daktari amesema hatatembea tena bila kushikwa mkono. Nimekwenda kumwona mara tatu na mara zote tatu nilikwenda nimejipanga kumwambia kuhusu ile simu. Ananikaribisha, ananiuliza habari za nyumbani, narudi sijasema kitu.

Mnamo tarehe 19 Aprili, Jumapili, saa 3 asubuhi, nilisikia ile mashine. Nikatoka na kanga yangu ya ndani nimejaa maneno. Nilimkuta Cheche barabarani, peupe kabisa, anakata vile vyuma vya kwenye mistari ya pundamilia. Hakujificha, jenereta lilikuwa linanguruma mtaa mzima unasikia. Akazima mashine akaniambia, "Karani, leo usinigombeze." Nikamwambia, "Unaiba mali ya umma mchana kweupe?" Akanijibu, "Siibi, nahamisha. Kivuko kiko hapa, mtaro uko pale. Hatua nane tu."

Niliingia ndani, nikakaa kitandani, nikatoka tena. Alikuwa anahangaika kupima peke yake, chuma kinamponyoka. Nikashika ncha moja. Hilo nalo liandikwe, kwamba nilishika ncha moja, tangu saa 4 mpaka mchana, na kanga yangu ina matundu ya cheche. Aliniambia vuta, sukuma, shikilia hapo. Kinyozi alileta mbao za mlango wake wa zamani tukazilaza juu ya vyuma. Saa 10:30 jioni tulikuwa tumemaliza daraja. Lina mikono ya kushikia pande zote mbili, kimo cha kiuno cha mama yake. Alipima kwa kumbukumbu.

Kisha akachukua kopo la rangi nyeupe akalichora daraja mistari. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Si walisema kivuko lazima kiwe na mistari?" Nilicheka mpaka nikalia. Nilikaa chini pale barabarani nikalia kweli, na Cheche akadhani ni uchovu. Hata yeye sikumwambia.

Leo saa 4 asubuhi watu wa halmashauri walikuja na askari wakamchukua. Niliisoma hati ya malalamiko hapa kituoni, mimi kusoma karatasi iliyo mezani ni ugonjwa wangu. Imeandikwa kwamba mtuhumiwa "ameharibu kivuko cha wananchi." Nimeambiwa pia kwamba kesho asubuhi mnakwenda kuling'oa lile daraja mlilete hapa kama kielelezo.

Ninachosema ni hiki. Cheche hajaharibu kivuko. Kivuko kiliharibika siku nilipokichapa, na kikaharibika zaidi nilipoulizwa kwa adabu nikajibu kwa kuchoka. Yule kijana wa mhandisi naye hana kosa, aliuliza. Kama mnahitaji mtu wa kumweka kule ndani, mtu huyo ni mimi. Nimelileta daftari la mkono. Ukurasa wa 41, mstari wa tatu kutoka chini, maneno ya bibi yapo yote, na mtaro umo.

Kuhusu kesho nina ombi moja. Kesho ni Alhamisi, siku ya kliniki ya wajawazito na watoto wachanga. Wanaanza kupita saa 2. Zile mbao mbili hazipo tena, Cheche alizichanja kuni ili mtu asizikanyage. Mkiling'oa hilo daraja asubuhi, hao wenye matumbo watapita wapi?

Nililonalo ni hilo, niliyoyaona kwa macho na niliyoyafanya kwa mkono wangu. La kusikia sikulitia. Nimesomewa, na nimesahihisha palipopotoka.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA MWANDISHI

Maelezo haya nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, kuanzia saa 9:15 hadi saa 11:05. Shahidi alisomewa mara mbili kwa ombi lake. Nilikuwa nimeandika "alipokuwa akiiba vyuma", akataka isomeke "anakata". Nimefuta na kuandika alivyosema. Alitaka pia sentensi ya ile simu aisome mwenyewe kwa sauti. Alisoma, kisha akaomba maji. Daftari limepokelewa, kielelezo namba 1. Mtuhumiwa alipewa dhamana saa 12 jioni. Shahidi alikuwa bado amekaa kwenye benchi la nje, wakaondoka pamoja.

Nyongeza, 23 Aprili: Saa 2:10 asubuhi nilifika kwenye mtaro na askari wawili na lori kuchukua kielelezo namba 2. Nilikuta kina mama wanavuka. Niliona nisubiri wamalize. Hadi saa 5:30 walikuwa bado, wengine wakirudi na wengine wakienda. Lori limerudi tupu. Nimekipima kielelezo na kukichora, na kwenye rejista ya vielelezo nimekiandika hivi: Daraja la kuvukia mtaro mkubwa, urefu hatua sita, mikono pande mbili, mali ya wananchi, halijaletwa kituoni kwa sababu linatumika.