Sabuni mu four ya gaz

Audrey,

Usiguse tena four ya gaz, ile ya kuokea. Nimefunga chupa yake, uache dirisha wazi. Mboga ya sombe iko ku moto ya makala, uwekee Baba yako sahani yake.

Asubui nilitaka kupika gâteau, keki ya ndoa yako. Nikafungula gaz, nikawasha kiberiti: hapana moto. Pale juu, ku sufuria, inawaka muzuri, donc gaz haijaisha. Nikatosha kile chuma cha chini, nikaangalia katundu ambamo gaz inatokea. Kumbe mutu amejaza sabuni! Nikaitosha na sindano. Ni sabuni ya rose. Humu nyumbani ni weye peke yako unaoga nayo.

Kitu ingine: mbele niseme hata neno, uliuliza toka mu chumba, «Maman, four inakatala?» Ulijuaje?

Sasa inawaka, nimejaribu. ~~Niko naenda kununua mayai, nitapika gâteau mangaribi.~~ Hapana. Gâteau ingojee. Niko naenda kwa tantine yako Syauswa, kule Kimemi, kusudi ubakie peke yako ufikiri.

Grady, bwana-arusi yako, ni mwalimu, ana adabu, sisi wote tulimupenda. Mais weye hatukukuuliza muzuri. Familia yake inatoka Kisangani, inafika siku ya posho, Jumamosi hii, kwa ndoa. Karatasi hii uipasule mbele Baba aingie.

Nikirudia, uniambie na kinywa yako. Hapana kuogopa. Kama hautaki ndoa hii, mie mwenyewe njo nitaongea na Baba yako.

Maman