"Yes" Yangu kwenye Bodi ya Zimamoto

Mjukuu wangu Neema,

Huku ughaibuni, Ingleburn, tuko salama. Goti la nyanya yako limepona, ameanza tena kunigombeza. Umeniuliza ufanye nini kwenye kamati ya hosteli yenu, wote wakikubali jambo nawe una wasiwasi.

Nilipokuwa mgeni kwenye bodi ya zimamoto ya mtaa wetu, mwenyekiti alitaka tuuze lori dogo la maji, tubaki na kubwa tu. Akauliza kwa Kiingereza, "Hakuna anayepinga?" Nikajibu kama tunavyojibu nyumbani: "Yes." Yaani ndiyo, hakuna. Kumbe kwao nimesema yupo, tena ni mimi.

Wote wakanigeukia. Kabla sijajieleza, mama aliyeketi kando yangu akasema, "Hata mimi sitaki. Lori kubwa haliingii kwenye njia yetu." Wengine wakamuunga mkono. Kumbe walikuwa wanangoja mmoja aanze. Lori likabaki.

Kiangazi kilichofuata, lori hilo lilizima moto nyuma ya nyumba ya mwenyekiti mwenyewe. Akanishika mkono: "Mzee, wewe huogopi mtu?"

"Yes," nikajibu kwa fahari.

Sasa anawaambia watu kwamba mimi ni jasiri, tena mnyenyekevu, maana nimekiri kuwa naogopa.

Ni mimi babu yako, ninayemwogopa nyanya yako peke yake.