Tanuri Tulilolifunika

Mama Zuhura, mke wangu,

Assalamu alaikum. Nikuulize wewe kwanza: mgongo unaendeleaje? Miguu bado inavimba? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila nimekwama hapa kisiwani Macaloe na moyo hautulii.

Nilikuahidi kurudi nyumbani Nhica kabla hujajifungua. Boti ya kututoa haiji mpaka chokaa ya msikiti iwe tayari kubebwa, na chokaa hatuna.

Tulipanga magogo, tukapakia mawe ya matumbawe juu, tukawasha. Tanuri huwashwa kwa ngoma, na likishawaka haliguswi mpaka lizimike lenyewe. Safari hii hata kuimba tuliogopa. Moshi ulipopanda, fundi wetu Sefu akatazama bara. "Jamani, mnataka wale watu wa msituni wenye bunduki watufuate? Funikeni!"

Nikamwambia, "Fundi, utaua kazi."

"Bora life tanuri kuliko sisi."

Nikachota mchanga mbichi kama wenzangu, tukalifunika.

Shuleni, kwenye química, yaani kemia, tulifundishwa kwamba kazi hii inakwenda na kurudi. Jiwe linakula moto ili litoe hewa yake liwe chokaa. Moto ukizidi, chokaa inazidi. Ukipungua, chokaa inaivuta tena hewa ile, inarudi kuwa jiwe, hasa hewa ikiwa imefungiwa ndani. Na lipo joto la katikati, huku jiwe linageuka chokaa, huku chokaa inageuka jiwe, kwa mwendo mmoja. Ukitazama huoni kinachobadilika. Wallahi, ndivyo tunavyoishi hapa.

Tulipofunua, tukayamwagia mawe maji. Chokaa iliyoiva hufoka na kupasuka. Haya yalilowa tu. Mawe yale yale! Sefu akakaa chini akalia, mtu mzima yule.

Moto mkali tunauogopa, mdogo haufai kitu. Nimechoka, mke wangu. Hasira ninazo hata na bahari hii iliyonizunguka. Nimewaambia wenzangu tuwashe tena, na safari hii sifuniki, liwalo na liwe. Wamekubali shingo upande. Lakini magogo tuliyokata ni mabichi, yanataka kukauka kwanza, na tumbo lako halingoji magogo.

Nisalimie mama mkwe, na bibi mkunga umwambie nakukabidhi kwake. Zuhura mbusu. Kaka yako msalimie sana. Mtoto akizaliwa, yeye ndiye amwadhinie sikioni. Kazi hiyo ilikuwa yangu.

Mumeo akupendaye,
Baba Zuhura