Dakika Kumi za Ndeke ya Frigolite

Jumatatu, 5 Mei
Itangazwe rasmi: leo alfajiri, kabla ya upepo, kwenye kiwanja cha Annexe, mbele ya mbuzi watatu, ndeke yangu imevuliwa magurudumu. Niliyakata kwa wembe. Uzito wa bure.

Ndeke yenyewe, eropleni ndogo ya kuchezea, ni frigolite, ile nyeupe nyepesi inayokuja na televizheni kwenye katoni. Motor, batri, rimoti. Imeruka dakika sita. Nyumbani nimeirudisha batri kwenye chaja, ambayo inahesabu kiasi batri inachomeza: 1500. Batri nzima ni 2200. Kwa ulafi huo sifiki dakika kumi.

Na préfet, mkuu wa shule, alisema kumi. Kumi hewani, kisha Jumamosi zote nifundishe kwenye atelier, karakana ya shule. Mimi, fundi wa redio bila diplome. Naitaka kazi hiyo kuliko ninavyoonyesha.

Jumanne, 6 Mei
Panga la mbele, lile linalozunguka, nimebadilisha. Kubwa zaidi, la polepole. Dakika sita, 1320. Afadhali, ila kumi ni kwa tone la mwisho.

Mke wangu Charlotte, anayechaji simu za nusu ya mtaa wa Makomeno pale mlangoni: "Baba Mado, hii ndeke inakula kupita batoto."

Jumatano, 7 Mei
Mbawa nimezipiga msasa, nikazifunika skochi. Dakika sita. Batri kwenye chaja, sisi kwenye bukari, ugali wetu. Umeme ukakatika, ukarudi. Kawaida.

480.

Nimesoma mara tatu. Hiyo ni zaidi ya dakika ishirini hewani. Mimi ni mtu mkubwa. Nimemwandikia préfet: ishirini. Nimelala bila kunawa miguu.

Alhamisi, 8 Mei
Préfet anakuja Jumamosi na darasa zima. Na abbé, padre wetu. Nimetembea kifua mbele mpaka saa sita.

Saa sita Charlotte, akimrudishia mteja simu: "Courant ilikatika tukiwa ku meza. Ile machine yako inakumbukaka ya mbele?"

Haikumbuki. Umeme ukikatika, inaanza tena sifuri. 480 ni ya baada ya bukari tu. Mtu wa Lubumbashi kusahau umeme kukatika. Aibu. Sikumwandikia préfet. Niliogopa.

Ijumaa, 9 Mei
Nimerudia, dakika sita. Charlotte amekaa kando ya chaja kama askari. Umeme haukuthubutu. 1140. Kumi inafika. Kumi na moja, kwa maombi.

Nimemwandikia préfet ukweli wote, bukari ikiwemo. Jibu limekuja jioni: "Mi niliomba kumi. Makumi mbili ni weye ulileta."

Jumamosi, 10 Mei
Wanafunzi walihesabu dakika kwa sauti. Abbé pia. Kumi. Kumi na moja. Motor ikanyamaza, ndeke ikateleza yenyewe, ikakaa kwenye matembele ya mama mmoja. Nimemwomba msamaha. Aliuliza kama inaweza kufukuza ndege shambani.

Préfet amenipa mkono, kisha ufunguo. Nimepita kuiona atelier kabla ya kurudi nyumbani. Meza sita. Ubao. Dirisha zuri.

Haina umeme.