Kufunga Mashine

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Mimi sijambo, ila kifua bado kinanisumbua na mkanda wa mashine unalia kama mbuzi. Kusaga kunaendelea.

Nina shida na neno moja. Mgombea tunayemwita Miwani amebandika karatasi ukutani kwangu: "Nitafunga mashine za kusaga mtaani." Wateja kwenye foleni nusura washikane mashati. Wengine wanasema atatufungia mpya, za umeme. Jirani yangu mfua nguo anasema atazitia kufuli, na yeye atampa kura kwa sababu hiyo hiyo, maana mwanawe anakohoa vumbi la unga wangu. Alinieleza bila matusi, nami nikamsikiliza. Kofia, mpinzani wake Miwani, anasema mashine zibaki, lakini huyo hata choo cha soko kilimshinda.

Wewe uko kiwanda cha uchapaji na vitabu vyao vya sera vinapita mikononi mwako. Nisomee, uniambie. Sitaki kupiga kura kwa kubahatisha.

Baba yako

11 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi tele.

Makelele ya foleni yasikuumize kichwa. Kitabu cha Miwani nimekipanga mwenyewe, neno kwa neno. Kufunga pale ni kama fundi anavyofunga pampu: anaileta, anakaza nati, inafanya kazi. Mpe kura, na wenzako uwaambie. Mfua nguo mwache na sabuni zake.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Afya yangu usiiulize.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikimpigia debe Miwani, na kweli akashinda. Jana watu wake walikuja na askari na mnyororo. Nikawaonyesha barua yako. Askari akaisoma kwa sauti, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mfua nguo peke yake hakucheka. Akaniuliza, "Mzee, kwani wewe ulidhani nini?"

Niandikie kwamba ulikosea. Mtu hukosea.

Baba yako

9 Aprili

Baba,

Shikamoo, na pole kwa kuchekwa.

Sikukosea. Kitabuni imeandikwa wazi kwamba mashine zitafungwa kabisa ili vumbi liishe. Ningekuambia, ungebishana mpaka tukuzike na unga kifuani. Nyinyi wazee hamjui kinachowafaa. Nimekutayarishia chumba kwangu, kina dirisha zuri. Njoo nikutunze. Siku moja utanishukuru.

Binti yako

20 Aprili

Binti,

Barua imefika. Nimeumia, tena sana.

Nilipokuuliza nilikuwa nimeshaanza kuegemea upande wa mfua nguo. Yule mtoto namsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta, na kifua changu nakijua kuliko wewe. Ungenieleza ukweli, tukabishana, huenda ningempa Miwani kura hiyo hiyo na kufuli nikalitia kwa mkono wangu. Ningelia, lakini ingekuwa kura yangu. Sasa wewe umepiga mbili.

Hicho chumba kitafutie mpangaji. Mimi namchotea maji mfua nguo, na kwake nakula. Alitaka mashine yangu ife, akaniambia usoni. Ukiandika tena sitafungua, kwa sababu sina njia ya kujua lipi ni kweli.

Mchota maji