Kipimo Kilichopinda

Mwika, Jumanne

Kwako mdogo wangu Eliakim,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla hujamaliza kuchana bahasha, na kama hujaniamkia, nitajua hata ukiwa huko Ifakara. Sisi hatujambo. Goti la kushoto ndilo linalojifanya limezeeka, mimi bado. Mvua imeshuka vizuri, migomba imesimama, na ng'ombe mweupe amezaa ndama jike. Vipi wewe na shemeji, na huo mpunga wenu unaoshinda majini kama kiboko? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii kitu. Ukiambiwa fulani amekufa unajibu asante.

Tangu tumzike mke wangu Gladys hujapata barua yangu hata moja, na leo utaona mwandiko umebadilika. Hilo nitalifikia, usiharakishe kama mgeni aliyesikia harufu ya mtori.

Habari kubwa ni binti yangu Eunike, yule aliyekuwa akikimbia ndevu zako. Sasa ni mtu mzima, amepanga Soweto pale Moshi mjini, na kazi yake ni kutengeneza programu za benki za kwenye simu. Sio programu nzima. Yeye anatengeneza vipande. Kuna kipande cha kuandika namba ya siri, kipande cha kuchagua tarehe, kipande cha kukuuliza kama kweli unataka kutuma. Kila kipande anakitengeneza mara moja tu, halafu benki hii inakichukua, na ile inakichukua, kila moja inapaka rangi zake na kuweka nembo yake. Alipokuja kutueleza sisi wazee pale kwa jirani yetu Mama Theopista, hakuna aliyeelewa mpaka mimi nilipofungua mdomo.

Niliwauliza kama wanaukumbuka ufito wangu. Mafundi wote kuanzia Mwika mpaka Masama walipimia futi ya chuma, mimi peke yangu nilikuwa na ufito wa mti wenye alama za kisu, na kwa ufito ule nilichonga fremu za madirisha ambazo ukianza kuzihesabu utazeeka njiani. Fremu yangu yoyote iliingia kwenye nyumba yoyote. Nikawaambia Eunike ameniibia kazi, ila yeye hachafuki na maranda. Wakacheka, wakaelewa. Theopista, kwa uchokozi wake, akakumbusha mwaka ule ufito ulipopata unyevu ukapinda, madirisha ishirini na manne ya shule yakakaa upande kama watu wanaotoka kunywa mbege. Nikamwambia anywe chai yake.

Siku hiyo Eunike alikuja kutujaribishia kipande kimoja. Ukishaandika namba ya simu ya mtu, kinakuletea jina lake kwa herufi kubwa, kinakuuliza kama ndiye. Kama ndiye, unabonyeza kijani. Kama siye, nyekundu. Tulikuwa wazee saba, akatuambia tujifanye tunamtumia Theopista. Mara ya kwanza wote tulibonyeza kijani, na mimi nilikuwa wa kwanza, kidole chepesi kama cha mpiga kinanda. Mara ya pili, bila kutuambia, aliweka jina la mtu mwingine, Leodegar sijui wa wapi. Wenzangu sita wakasita, wakaanza kunung'unika. Mimi nikabonyeza kijani.

Akaniuliza taratibu kwa nini. Unanijua, sijawahi kukosa jibu. Nikasema mbele ya wote kwamba huku kwetu hakuna mtu mwenye jina moja. Kuna la ubatizo, kuna la babu, kuna la kuitwa nyumbani, na laini yenyewe pengine kaisajili mtu mwingine. Jina geni halimshtui mzee wa Uchaggani. Wazee wakatikisa vichwa, maana ni kweli. Hata Theopista akakiri kwamba laini yake ina jina la mwanawe Martin. Eunike akaandika yote, akasema watu wa mjini wasingeligundua hilo kamwe.

Wiki iliyopita alirudi na matunda ya maneno yangu. Jina amelifanya dogo, kalishusha chini, na kijani amekifanya kikubwa, kinakuja upesi, kwa sababu baba yake amesema wazee hawahangaiki na jina. Benki tatu zimekipenda. Ijumaa hii kinaingia kwenye simu za watu. Mimi ameniandika kwenye ripoti, Mzee Aminieli wa Mwika. Nilichinja kuku, halafu nikashindwa kumla.

Eliakim, mimi sikuona jina la Theopista wala la Leodegar. Niliona kijani. Sijui kusoma. Baba alipokupeleka wewe shule nikabaki na ng'ombe, nilikudanganya kwamba mwinjilisti ananifundisha jioni. Barua zangu zote ulizopata ni mkono wa Gladys. Lile somo la kanisani ulilonisifia alinisomea Jumamosi mpaka likakaa kichwani, na Jumapili nikasimama na Biblia wazi, ukurasa wowote. Na ufito niliuchonga kwa sababu namba za futi sikuzijua.

Uongo huo niliuweka nyumbani miaka yote na haukumla mtu. Sasa umekuwa kipimo. Wako wengi kama mimi, wanabonyeza kijani, na kila benki itakayochukua kile kipande itachukua na uongo wangu ndani yake.

Basi leo nimemwita Eunike, nikamwambia macho yana ukungu, anishikie kalamu nimwandikie baba yake mdogo. Ndiye anayeandika hapa. Nilipotamka kwamba sijui kusoma, alisimamisha kalamu. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asipunguze neno. Kama ameandika au hajaandika, mimi sina namna ya kujua, utajua wewe.

Hakunigombeza. Ametoka nje, amewapigia watu wa benki, amewaambia kipande cha Ijumaa wasikichukue, kina kosa na kosa ni lake. Nimemwambia kosa ni langu, akasema nisimwingilie kazi. Sasa anataka jina lirudi kuwa kubwa, na simu ilitamke kwa sauti. Ameniuliza kama nitalisikia. Nimemjibu mimi sio Eliakim.

Msalimie shemeji na watoto wote, na mnapovuna mtukumbuke na gunia moja. Zile sahihi za zamani zenye mkia mrefu zilikuwa za Gladys, zitunze. Alama hii ya wino wa buluu hapa chini ni dole gumba, na ni langu.

Kaka yako,
Aminieli