Pikipiki ya Kumpandisha Baba

Trenggalek, Ijumaa

Kwako Dada Wartini,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi za huko ng'ambo, Johor. Natumai u mzima, na yule mama unayemfanyia kazi za ndani ameacha kukufokea. Sisi huku tunapumua, kuku wanataga.

Unajua Baba alivyoapa: mkataba wako ukiisha mwezi ujao, urudi umtunze, kwa kuwa magoti hayapandi tena kilima cha msikiti. Nikamwambia nitamuundia pikipiki ndogo. Alicheka mpaka akakohoa. Akatangaza mbele ya majirani kwamba ikimfikisha msikitini bila kusukumwa, wewe ubaki huko hata miaka miwili mingine. Ikishindwa, unarudi. Basi dada, kumbe ni wewe niliyekuwa nakuundia.

Injini niliipata ya pampu ya maji, fremu ni mabomba, magurudumu ya toroli. Kazi ikabaki kuifikisha nguvu gurudumu la nyuma. Kwanza nilifunga kigurudumu cha mpira kinachosugua tairi. Kwenye tambarare kilikimbia kama kichaa! Tope kidogo tu, kikateleza. Nikafunga mnyororo. Baba akafurahi, si unajua mnyororo ndio uliomlisha miaka yote ya kuendesha baiskeli ya abiria kule Kediri. Lakini mnyororo hauna subira. Injini ikiwaka tu, umeshaondoka. Ukitaka kusimama, inazima. Mnyororo huo ulimrusha Baba mpaka bandani kwa kuku. Akaniita fundi wa kuzika watu.

Nikaenda kwa mzee Karmin, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nikamtazama: mkanda ukilegea, mashine imetulia, akisukuma mti unaoubana, mkanda unakazika, mashine inazunguka. Nikapiga kelele palepale! Akaniambia nichukue mkanda wake mkuukuu nitoke, nawatisha mbuzi wake. Akanionya pia kwamba mkanda usiguswe na mafuta hata tone, utateleza. Nikamwonya Baba hivyohivyo, mara nyingi, maana yeye akiona kitu kinachozunguka lazima akipake mafuta. Akajibu, "Kwani mimi mtoto?"

Nikaufunga mkanda badala ya mnyororo, na Jumatano nilikipanda kilima na gunia la mpunga lenye uzito wa Baba. Ikapanda, dada! Nililia.

Leo watu walijipanga njiani. Baba kavaa kofia nyeusi na ule msuli uliomtumia. Kufika katikati, injini ikanguruma, gurudumu likagoma, pikipiki ikarudi kinyumenyume na kummwaga mferejini. Hakuumia. Watu walivunjika mbavu, mmoja akauliza kama nauza na za kwenda mbele. Baba alicheka kuliko wote. Nikainama, nikaushika mkanda. Mafuta ya nazi, dada. Pande zote mbili, yamepakwa kwa utulivu kabisa, kama anayempaka mtoto. Nilipokuwa namwinua aliniambia sikioni kwamba binti hazeekei kwenye nyumba za watu. Halafu akanisifu: kazi yangu nzuri, ingefika.

Sasa yuko hapa mbele yangu anatafuna tempe ya soya iliyokaangwa. Ndiye aliyeniamuru niandike barua hii, nikwambie yuko mahututi, upande meli upesi. Kusoma hajui, anaitazama kalamu tu ikienda. Nimemwambia nimeandika kwamba anatapika damu. Kafurahi sana. Kasema niongeze damu.

Usirudi. Weka saini yako kwenye mkataba mpya. Na siku nikikuandikia kwamba amekufa kweli, usikimbie, kaburi halihami. Mkanda nimeusugua kwa majivu na pikipiki inapanda vizuri, lakini naipanda mimi peke yangu. Yeye Ijumaa ijayo atakipanda kilima kwa makalio, na mimi nitampita nikipiga honi.

Baba anakusalimu. Anauliza nacheka nini. Nimemwambia barua inahuzunisha na mimi silii mbele ya watu, ndiyo maana nacheka.

Ni mimi mdogo wako,
Gunarto